Tuzitunze Kope Zetu



Leo tutasoma habari za kope. Huenda utacheka na kusema, "Kope nazo ni kitu cha kusomea?" Ngoja kwanza. Kope ni nywele ndogo sana, lakini zinalinda jicho. Zikiharibika, zinaweza kulipofusha jicho lile lile zilizokuwa zikililinda. Wahenga walisema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Methali hii inafaa kwa kope.

Wewe umejifunza kusoma ukiwa mtu mzima. Umetumia jioni nyingi kujifunza herufi. Bila macho, kazi hiyo yote itapotea. Kwa hiyo somo hili ni lako.

MAMA ALIYESEMA HERUFI ZINACHOMA

Siku moja nilitembelea darasa la kisomo katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Dodoma. Ilikuwa saa 10 alasiri. Wanakisomo walikaa chini ya mti. Mwalimu aliandika sentensi ubaoni, na kila mtu akasoma kwa zamu.

Zamu ya mama mmoja ilifika. Alikuwa na umri wa miaka kama 50. Alisimama, akatazama ubao, kisha akafunika macho kwa ncha ya khanga. Machozi yalimtoka.

Mwalimu akasema, "Mama huyu alikuwa wa kwanza katika darasa letu. Siku hizi hasomi."

Baada ya darasa nilimwendea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu."

"Mbona umeacha kusoma, mama?"

"Sikuacha, mwalimu. Herufi zinanichoma. Nikitazama ubao, macho yanachoma. Nikitazama jua, yanachoma. Nikipika, moshi unanimaliza."

Alifungua fundo la khanga yake. Ndani kulikuwa na kibanio kidogo cha chuma. "Hiki ndicho dawa yangu," alisema. "Binti yangu hunitoa kope zinazochoma. Napata nafuu kwa siku chache. Kisha zinarudi. Mama yangu naye alikuwa hivi hivi. Alikufa akiwa kipofu. Haya ni macho ya ukoo wetu."

Ndugu msomaji, mama yule alikosea jambo moja. Hayakuwa macho ya ukoo. Ulikuwa ni ugonjwa. Ugonjwa huo unaitwa vikope. Jina lake jingine ni trakoma. Unazuilika, na unatibika.

KOPE NI NINI?

Unywele mmoja unaitwa ukope. Nywele nyingi zinaitwa kope. Kope huota pembeni mwa ngozi inayofunika jicho. Ngozi hiyo tutaiita kifuniko cha jicho. Kila jicho lina vifuniko viwili, cha juu na cha chini. Kifuniko cha juu huwa na kope nyingi zaidi na ndefu zaidi.

Kope zina kazi mbili kubwa.

Kwanza, zinazuia vumbi, jasho na wadudu wadogo wasiingie jichoni.

Pili, zinatoa habari. Kitu kikigusa ncha ya kope, jicho hufumba papo hapo, kabla hujafikiri. Jaribu kumgusa mwenzako kope kidogo kwa unyoya safi wa kuku. Utaona jicho linafumba lenyewe.

Kope nzuri zimepinda kwenda nje. Hazigusi jicho. Ukope mmoja hukaa miezi michache, kisha huanguka, na mwingine huota mahali pake. Kwa hiyo usiogope ukiona ukope mmoja umeanguka shavuni.

Sehemu ya mbele ya jicho inang'aa. Ni laini sana. Tutaiita kioo cha jicho. Mwanga hupita hapo ili tuone. Kioo cha dirisha kikikwaruzwa mara nyingi huwa na ukungu. Kioo cha jicho nacho ni hivyo hivyo.

JINSI KOPE ZINAVYOGEUKA

Vikope huletwa na vijidudu vidogo sana. Hatuwezi kuviona kwa macho matupu. Hukaa katika macho na pua za watu wenye ugonjwa, hasa watoto wadogo. Hupita kutoka mtu hadi mtu kwa njia tatu:

1. Kwa vidole. Mtoto anajifuta tongotongo, kisha anamshika mama usoni.

2. Kwa nguo. Mama anamfuta mtoto mmoja kwa khanga, kisha anamfuta mwingine kwa khanga ile ile. Halafu anajifuta mwenyewe.

3. Kwa nzi. Nzi anatua kwenye tongotongo la mtoto huyu, kisha anaruka na kutua kwenye jicho la mtoto yule.

Mtoto mwenye vikope huwa na macho mekundu. Hutoa machozi na tongotongo. Pengine haonyeshi ugonjwa mkubwa. Mzazi husema, "Yatapona yenyewe." Kweli, pengine hupona. Lakini mtoto huambukizwa tena. Anapona, anaambukizwa. Jambo hili likirudiwa mara nyingi kwa miaka mingi, kifuniko cha juu hupata makovu upande wa ndani.

Kovu likikauka huvuta ngozi. Umewahi kuona mkono wa mtu aliyeungua moto? Kovu huvuta vidole vikajikunja. Ndani ya kifuniko cha jicho ni vivyo hivyo. Kovu huvuta kifuniko, nacho hujikunja kwenda ndani. Kope sasa hazitazami nje tena. Zinatazama jicho.

Fikiri mtu hupepesa macho mara ngapi kwa siku. Kila anapopepesa, kope zinakwaruza kioo cha jicho. Kioo kinapata vidonda. Vidonda vinaacha alama nyeupe. Mwisho mtu haoni. Alama hizo haziondoki kwa dawa ya matone.

Ndiyo maana ugonjwa huanza utotoni, lakini upofu huja ukubwani. Tena wanawake hupatwa na kope zilizogeuka kuliko wanaume. Sababu kubwa ni kwamba wao ndio hukaa na watoto siku nzima. Wanawabeba, wanawafuta, wanalala nao. Yule mama na marehemu mama yake hawakurithishana macho mabaya. Waliishi katika nyumba zenye ugonjwa ule ule, na kufanya kazi ile ile ya kulea.

JE, NI VIZURI KUNG'OA KOPE?

Watu wengi wenye kope zilizogeuka huzing'oa. Tunaelewa kwa nini. Maumivu ni makali. Lakini kung'oa hakuondoi ugonjwa.

Kwanza, ukope huota tena baada ya wiki chache.

Pili, ukope ukikatika badala ya kung'oka, kisiki chake huwa kigumu na chenye ncha. Hukwaruza kuliko mwanzo.

Tatu, kibanio kichafu na mikono michafu huongeza vijidudu.

Wakati mwingine mtaalamu wa macho huweza kumng'olea mgonjwa kope kwa kifaa safi, hasa kama ni chache, au kama mgonjwa hawezi kupasuliwa. Hiyo ni kazi ya aliyefundishwa. Tena mgonjwa lazima arudi kutazamwa.

Dawa ya kope zilizogeuka ni upasuaji mdogo wa kifuniko cha jicho. Jicho lenyewe halipasuliwi. Mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi kwenye kifuniko. Mtaalamu hukata kifuniko kwa upande mmoja, hukigeuza kitazame nje, kisha hukishona. Mgonjwa yu macho wakati wote na huweza kuzungumza. Kwa kawaida hurudi nyumbani siku ile ile. Baada ya wiki moja au mbili hurudi kutazamwa na kutolewa nyuzi.

Upasuaji huondoa maumivu na huokoa uwezo wa kuona uliobaki. Lakini haurudishi uwezo uliokwisha kupotea kwa sababu ya alama kwenye kioo cha jicho. Kwa hiyo wahi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

YULE MAMA ALIFANYA NINI?

Nilimweleza yule mama mambo haya. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Nikienda hospitali, nani atateka maji? Mzee wangu atakula nini?"

Swali lile lilikuwa la kweli. Wanawake wengi huchelewa kwa sababu hiyo. Nilizungumza na mumewe. Mzee alihofu kwamba mkewe angetolewa jicho. Nilimweleza kwamba jicho haliguswi, kinachoshonwa ni kifuniko tu. Alikubali. Wanawake wawili wa darasa la kisomo waliahidi kumtekea maji na kumpikia mzee kwa wiki mbili. Walitimiza ahadi.

Mama alipasuliwa macho yote mawili. Jicho la kulia lilitulia kabisa. Jicho la kushoto liliacha kuuma, lakini lilikuwa na alama nyeupe ya zamani. Kwa jicho hilo anaona ukungu tu hadi leo.

Nilipofika tena darasani, alisimama mbele ya ubao akasoma sentensi nzima bila kufunika uso. Wenzake walipiga makofi. Yeye hakufurahi sana. Aliniuliza, "Mwalimu, mbona hatukuambiwa mapema? Mama yangu angeona. Na hili jicho langu la kushoto lingeona."

Sikuwa na jibu zuri. Mjukuu wake alikuwa amekaa miguuni pake. Uso wa mtoto ulikuwa na tongotongo, na nzi wawili walikuwa kwenye jicho. Mama alimtazama. Aliomba maji kidogo katika kopo, akamwosha uso pale pale mbele ya darasa. Lile ndilo lilikuwa jibu.

KITANDA KINA MIGUU MINNE

Vita dhidi ya vikope ina kazi nne. Kazi hizi ni kama miguu minne ya kitanda. Mguu mmoja ukikosekana, huwezi kulala vizuri.

1. Upasuaji. Mtu ambaye kope zimekwisha kugeuka apelekwe kupasuliwa mapema.

2. Dawa. Mahali penye ugonjwa mwingi, watu wa kijiji chote hupewa dawa iitwayo azithromaisini, mara moja kwa mwaka. Wagawaji wa dawa humpima mtoto urefu kwa kijiti chenye alama ili wajue kiasi chake. Watoto wachanga walio chini ya miezi 6 hupewa dawa ya kupaka machoni iitwayo tetrasaiklini. Siku ya dawa, usijifiche, na usiseme, "Mimi siumwi." Ukikosa wewe, vijidudu vinaweza kubaki kwako na kurudi kwa wengine.

3. Uso safi. Osha uso wa mtoto kila asubuhi na kila jioni, na kila unapoona tongotongo. Nzi hawapendi kutua kwenye uso usio na tongotongo.

4. Mazingira safi. Nzi anayependa macho huzaa katika kinyesi cha watu kilichoachwa juu ya ardhi. Hazai ndani ya shimo la choo. Kwa hiyo kila nyumba iwe na choo, na kila mtu akitumie, hata mtoto. Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi wakasikiliza redio na kusoma vitabu, kisha wakachimba vyoo. Kazi ile inafaa hata leo.

MAJI NI KIDOGO. TUTAFANYAJE?

Akina mama wengi husema, "Maji yako mbali. Tutaoshaje nyuso kila siku?" Hoja hii ilisikika sana huko Kongwa, katika Mkoa wa Dodoma, ambako wataalamu walianza kuchunguza vikope katika miaka ya 1980. Kongwa ni nchi kavu, na ndoo ya maji ni mali.

Baadaye wataalamu walilinganisha vijiji huko Kongwa. Vijiji vingine vilipewa dawa ya macho tu. Vingine vilipewa dawa, na watu wake wakahimizwa kuosha nyuso za watoto. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995. Katika vijiji vilivyohimizwa kuosha nyuso, watoto wenye vikope vikali walikuwa wachache zaidi. Dawa ni nzuri, lakini dawa pamoja na uso safi ni bora zaidi.

Tena uso hauhitaji maji mengi. Tengeneza kibuyu chirizi. Chukua dumu dogo lenye kifuniko. Lioshe. Toboa tundu dogo karibu na mdomo wake. Litundike kwenye kijiti kati ya nguzo mbili. Funga kamba kwenye mdomo wa dumu, na ncha nyingine ya kamba uifunge kwenye kijiti kinachogusa ardhi. Ukikanyaga kijiti, dumu linainama, na maji yanachirizika kidogo kidogo. Ukiachia, maji yanakatika. Watoto wanapenda kukikanyaga, nao watanawa bila kusukumwa.

UTUNZAJI WA KOPE KILA SIKU

- Nawa mikono kabla ya kugusa macho.
- Kila mtu awe na kitambaa chake cha kufutia uso. Kifue na kukianika juani.
- Ukiona magamba au uchafu mkavu kwenye mizizi ya kope, usibandue kwa kucha. Lowesha kitambaa safi kwa maji ya uvuguvugu, uweke juu ya jicho lililofumbwa, kisha futa taratibu.
- Ukipata chokea, usiitumbue. Kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu huweza kusaidia. Isipopona, nenda zahanati.
- Ukope ukianguka ndani ya jicho, usisugue. Osha jicho kwa maji safi.
- Usiazimane kijiti cha wanja. Vijidudu husafiri nacho. Tena wanja wa aina nyingine una madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usiwapake watoto wachanga.
- Usitie jichoni maji ya majani, maziwa au mkojo. Vitu hivi vinaweza kuleta vidonda.

TUNAWEZA KUSHINDA

Usiseme ugonjwa huu ulikuwapo tangu mababu, basi utakuwapo daima. Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Oman imeondoa vikope kama tatizo la afya ya jamii mwaka 2012. Ghana ilifuata mwaka 2018. Jirani zetu wa Malawi walifika hapo mwaka 2022. Nao walitumia miguu ile ile minne ya kitanda. Hapa Tanzania ugonjwa umepungua katika sehemu nyingi, lakini bado kuna vijiji vyenye watu wanaotembea na vibanio katika mafundo ya khanga zao.

Ndugu msomaji, ukimaliza somo hili usifunge kitabu tu. Tazama macho ya mama yako. Tazama uso wa mtoto wako. Mmoja huenda anahitaji kupelekwa zahanati. Mwingine huenda anahitaji maji kidogo tu.

MASWALI

1. Kope zina kazi gani mbili?
2. Taja njia tatu za kuambukiza vikope.
3. Kwa nini kifuniko cha jicho hujikunja kwenda ndani?
4. Kwa nini wanawake hupatwa na kope zilizogeuka kuliko wanaume?
5. Yule mama alisema ni "macho ya ukoo wetu." Je, alisema kweli? Eleza.
6. Wanakisomo wenzake walimsaidia vipi?

HESABU

Mama ana watoto 4. Kila mtoto ananawa uso mara 2 kwa siku. Lita 1 ya maji inaosha nyuso 10. Je, mama atahitaji lita ngapi kwa siku 5? Ndoo yake ina lita 20. Zitabaki lita ngapi?

KAZI YA KIKUNDI

1. Pimeni lita 1 ya maji. Mkitumia kibuyu chirizi au kopo lenye tundu, osheni nyuso za watoto mmoja mmoja. Hesabuni ni nyuso ngapi zimeoshwa kabla maji hayajaisha. Andikeni idadi ubaoni.
2. Ulizeni zahanati ni lini mtaalamu wa macho anafika karibu na kijiji chenu. Andikeni tarehe.
3. Andikeni majina ya wazee ambao macho yao yanachoma na kutoa machozi. Chagueni nani atawasindikiza, na nani atawatekea maji watakapokuwa hawapo.